Jibu Lilikuwa la Tumpe

Mwanjelwa siku ya Jumamosi haina adabu. Ukisimama unasukumwa, ukitembea polepole mwenye toroli anakupigia mluzi kama mbuzi wake. Tumpe Mwaisumo alikuwa anakatisha kwenye mabanda ya mitumba ya soko hilo la Mbeya, ndoo ya parachichi mkononi, sketi ya kitenge ameipandisha kidogo kukwepa tope, alipomwona kaka mmoja mrefu anauziwa sweta. Kilichomkera hakikuwa bei, ingawa bei nayo ilikuwa ya wizi. Kilichomkera ni yule kaka kuitikia "asante mama" kila alipotajiwa bei, kama mtu anayepokea baraka kanisani.

Tumpe hakuwa mtu wa kuona jambo akapita. Alisimama, akaligeuza lile sweta, akaingiza kidole kwenye tobo la kwapani na kumwonyesha muuzaji.

"Mama, mgeni baridi imeshamkamata, usimmalizie wewe."

Muuzaji alimwangalia kuanzia kilemba hadi viatu. "Kwani ni shemeji yetu?"

"Simjui. Punguza."

Bei ilishuka hadi ikawa ya kibinadamu. Yule kaka akalivaa sweta palepale, la kijani kibichi, mikono inaishia juu ya vifundo, kisha akamkimbilia Tumpe aliyekuwa ameshafika kwa wauza ndizi. Alitaka kushukuru. Tumpe akamwambia amekwisha kushukuru vya kutosha pale kibandani, angeongeza shukrani moja tu yule mama angemvua na viatu. Kaka akacheka. Alikuwa na kicheko cha taratibu, cha mtu asiyeogopa kuchekwa. Akasema ametoka Iringa kikazi na koti amelisahau kwenye basi.

"Mhehe anaogopa baridi," Tumpe alisema. "Ndiyo kwanza nakuona wewe."

"Siogopi. Baridi ya kwetu ina heshima, inapiga hodi kwanza. Hii ya kwenu inaingia tu."

Waliachana hapo bila kuulizana majina. Tumpe alifika nyumbani akamenya viazi vya mchana huku anatabasamu peke yake, hadi mama yake akamuuliza kama ameokota kitu njiani.

Jumatatu asubuhi, kwenye chumba cha mikutano cha kampuni ya Lwivala, lile sweta la kijani lilikuwa limesimama mbele ya wafanyakazi wote.

Lwivala ilikuwa inanunua viazi mviringo kwa wakulima wa Umalila na wa Kilolo, inavihifadhi kwenye maghala ya baridi Mbeya na Iringa, kisha inawauzia wakaanga chipsi na hoteli. Mwaka ule mtunza ghala mkongwe, mzee Sifaeli, alikuwa amestaafu na kuondoka na kila alichokijua. Wiki mbili baadaye ghala zima lilichipua, na hakuna aliyejua la kufanya. Ndipo wakubwa wakaleta mfumo wa kuulizana, wakauita Uliza. Unaufungua kwenye simu au kompyuta, unaandika ulipokwama, na mwenzako yeyote anayejua, awe Mbeya au Iringa, anakujibu mbele ya wote. Aliyeuliza akisaidika, analiwekea tiki jibu lililomfaa, na jina la aliyejibu linabaki pale, ili kesho mwingine asianze upya. Dastan Kalinga, fundi wa maghala kutoka Iringa, ndiye aliyetumwa kuwafundisha watu wa Mbeya.

Alipomaliza, akauliza kama kuna mwenye swali. Watu walitazama meza. Tumpe, karani wa mapokezi ya mizigo, akanyoosha mkono.

"Nikiuliza swali la kijinga, si mikoa miwili yote itanicheka?"

Dastan alimtambua na akasahau alichokuwa ameshika. "Swali la kijinga liandike," alisema. "Nitalijibu mimi."

Basi akaliandika. Lilikuwa swali la kwanza la tawi la Mbeya: viazi vya Umalila vikifika vimelowa mvua, vianikwe kwanza au vipangwe hivyohivyo? Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Vipepewe kivulini, Dastan aliandika, kwa sababu vikipigwa jua vitakuwa vya kijani kama sweta langu. Tumpe aliweka tiki. Meneja wa Mbeya, bwana Shedrack, yeye aliandika chini yake kwamba Uliza si mahali pa masweta.

Ndiyo maana wakahamia kwenye simu.

Wanaowakumbuka wakati ule wanasema Tumpe alikuwa anapokea simu ya saa saba mchana amesimama nyuma ya mizani, uso ameugeuzia ukutani, mkono mmoja unakuna rangi ya ukuta. Dastan alianza na "kamwene" ya Kihehe, Tumpe akajibu "ugonile" ya Kinyakyusa, yaani umelalaje, hata kama ni mchana na hakuna aliyelala. Dastan alimwita mtoto wa Rungwe. Tumpe alimwita Kalinga, kwa jina la ukoo, kama mwalimu anayeita mtoro, na lilikuwa ndilo jina la mapenzi kuliko mpenzi lenyewe. Mwisho wa mwezi Dastan alikuja na lori la magunia matupu. Walikula kuku Kabwe. Tumpe alivaa gauni lake la zambarau lenye mkanda, na Dastan alikula bila kuangalia sahani. Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, Tumpe akapanda basi hadi Iringa, wakaenda Kilolo kwa mama yake Dastan, mama Rozalia. Mama huyo alimpa jembe kabla hajampa kiti, akamwangalia anavyolima, ndipo akasema karibu.

Na Uliza iliendelea. Hakuna aliyejua kwamba nusu ya maswali ya Mbeya yalikuwa yameshaulizwa kwenye simu. Mtu angesoma pale habari za unyevu, panya na feni za ghala, lakini wao wawili walijua kila swali liliandikwa siku gani na nani alikuwa amenuna. Ni mambo madogo. Lakini mtu akishapendwa kwa njia ile, ya kujibiwa haraka na kwa makini kila anapokwama, hasahau.

Sasa, lilikuwepo sharti, na sharti alilitoa Tumpe mwenyewe. Kabla yake palikuwa na binti anaitwa Faustina, tawi hilohilo la Mbeya, akili kama wembe. Alipendana na mhasibu wa hapo hapo. Tangu siku watu walipojua, kila alichokifanya Faustina kilisemwa kafanyiwa na mhasibu. Hata hesabu aliyoipiga kichwani mbele za watu ilisemwa kakariri nyumbani. Aliacha kazi. Tumpe alikuwa ameyaona yale kwa macho yake, na siku moja, stendi ya Igumbilo, basi la kurudi Mbeya limeshawasha injini, akamshika Dastan mkono wa sweta.

"Nisikilize. Kazini mimi na wewe hatujuani. Usinitaje popote. Hata kwa wema, usinitaje."

"Hata kwa wema?"

"Hata kwa wema. Niahidi."

Dastan aliahidi. Alikuwa mtu wa kuahidi mara moja.

Mwaka uliofuata likaja balaa la viazi vyeusi. Wakaanga chipsi wa Iringa walianza kurudisha magunia. Kiazi kwa nje kizima na kigumu, kikiingia kwenye mafuta kinakuwa cheusi na kina utamu kama kimepakwa sukari. Swali likawekwa kwenye Uliza, likakaa siku nyingi bila jibu la maana. Mmoja alisema mafuta mabaya, mwingine akasema mbegu.

Tumpe hakuandika kitu. Jioni akitoka kazini alikwenda kukaa Mwanjelwa kwenye kibanda cha Sarah, mkaanga chipsi aliyetokea Usangu, mke wa Msukuma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alimenya naye, akakata naye, akanuka mafuta hadi mama yake akalalamika. Akagundua kwamba magunia ambayo Sarah aliyasahau chumba cha nyuma, gizani, penye joto la jiko, yalikaangika vizuri na kutoka rangi ya dhahabu, ingawa yalitoka ghala moja na yale yaliyokuwa yanageuka meusi. Akajaribu la kwanza makusudi. Akajaribu la pili. Baridi ilikuwa inageuza wanga wa kiazi kuwa sukari, na kiazi kikipumzishwa wiki mbili kwenye joto kabla ya kuuzwa, sukari ile inarudi kuwa wanga. Ndivyo alivyomweleza Dastan kwenye simu, kwa furaha, maneno yanagongana mdomoni. Akamwambia anataka kujaribu gunia la tatu, ndipo aliandike.

Lakini Iringa ghala lilikuwa limejaa, na Jumatatu lori lilikuwa linakuja kubeba viazi vyote kwenda kutupwa. Dastan hakungoja gunia la tatu. Jumapili alikaa chini akaliandika jibu lote kwenye Uliza, hatua kwa hatua. Lori likarudishwa na viazi vikapona.

Jumatatu hiyohiyo, kikao cha asubuhi Mbeya, bwana Shedrack alisimama akalisoma jibu kwa sauti. Tumpe alilisikia neno lake moja baada ya jingine, mpaka chumba cha nyuma, mpaka joto la jiko, na mwisho wake likasomwa jina la Dastan Kalinga, Iringa. "Mnaona wenzenu," Shedrack alisema. "Nyie kazi yenu kupima magunia tu."

Damari, aliyekaa jirani yake na kumjua, anasema Tumpe aliinuka kabla kikao hakijaisha. Alitoka, akaenda nyuma ya mizani, akapiga simu.

"Umeliandika."

"Tumpe, walikuwa wanatupa. Ghala zima. Nisingeweza—"

"Kwa jina lako."

"Sasa ningeandika jina la nani? Wewe si ulisema—"

"Nilisema nataka kujaribu gunia la tatu. Nimekaa kwenye mafuta mwezi mzima, Kalinga. Mwezi mzima. Faustina walimwibia watu wasiompenda."

Akakata. Alipopigiwa hakupokea, kisha akaifunga namba kabisa. Baada ya muda tangazo likatoka: Dastan Kalinga amepandishwa kuwa msimamizi wa ubora wa kanda nzima. Tumpe akalisoma, akaenda kumenya viazi vya nyumbani, akajikata kidole.

Dastan alikuja Mbeya mara moja. Alisimama nje ya geti la kampuni muda mrefu, ameshika kofia. Tumpe alimwona kupitia dirishani, akamtuma Damari akamwambie kwamba ameshachumbiwa na mtu wa Tukuyu, asisumbuke. Ulikuwa uongo mtupu. Damari alikataa mara mbili, mara ya tatu akaenda. Alirudi na kusema yule kaka ameitikia "asante dada," amegeuka na kuondoka.

Miaka minne ikapita. Tumpe akapanda, akawa mkuu wa mapokezi. Kwenye Uliza akaandika kila alichokijua kwa jina lake na nukta mwishoni, na Dastan akaandika vyake kwa upande wake, na wote wawili hawakujibizana tena. Wanaume wawili walikuja kwa baba yake Tumpe kwa nyakati tofauti. Wa kwanza alimkataa kwa adabu. Wa pili alimkataa hivyohivyo tu. Mama yake akamuuliza anangoja nini. Tumpe akasema hangoji kitu, na mama yake, aliyemzaa na kumjua, akaenda zake jikoni.

Kisha ikaja habari kwamba Uliza inafungwa. Umenunuliwa mfumo mwingine, na maswali yote ya zamani yatahamishiwa huko, lakini kwanza watu wawili wakae Iringa wayapitie moja moja, yaliyopitwa na wakati yatupwe, yanayofaa yabaki, na kila jibu lithibitishwe ni la nani. Walichaguliwa waliojibu maswali mengi kuliko wote. Tumpe alipoyaona majina alimwomba Shedrack atume mtu mwingine. Shedrack akamuuliza sababu. Akaenda kukata tiketi ya basi.

Alivaa suti ya kijivu na blauzi nyeupe, nywele amezibana nyuma kama mtu anayekwenda mahakamani. Chumba walichopewa kilikuwa kidogo, dirisha linatazama miamba ya Gangilonga, upepo wa Iringa unagonga kioo. Dastan alikuwa ameshakaa. Ameota mvi mbili tatu mbele, shati la mikono mirefu limepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Tumpe aliliona hilo kwanza, akajichukia kwa kuliona.

Walisalimiana kwa Kiswahili.

Siku ya kwanza walifanya kazi kama watu wa benki. Tumpe anasoma swali, Dastan anasema libaki au litoke. Lakini maswali yale yalikuwa yao. Walifika kwenye lile la viazi vilivyolowa mvua, na mzaha wa Dastan ukiwa bado pale, na karipio la Shedrack chini yake. Tumpe alilisoma hadi nusu, akaacha. Akasema lina mzaha, litoke. Dastan akasema lina faida, libaki. Likabaki. Baada ya hapo likaja la feni lililoandikwa siku waliyogombana kuhusu basi, na la panya aliloliuliza ili tu aone kama Dastan amefika salama Kilolo. Chai ililetwa na maandazi, na Dastan akamsogezea lililoungua kidogo ukingoni, kwa sababu ndilo alilolipenda siku zote. Alilila.

Siku ya pili, saa ya mchana, likaja swali la viazi vyeusi. Tumpe alilisoma kwa sauti iliyonyooka. Kisha akaendelea na jibu, lote, hatua kwa hatua, bila kuruka neno.

"Libaki," Dastan alisema. "Ila lina kosa."

"Kosa gani? Linatumika kanda nzima."

"Jina."

Tumpe aliifunika kompyuta nusu. "Miaka minne, Kalinga. Leo ndiyo umeona lina kosa?"

"Nililiona siku ile ile. Nilikwenda kwa mkurugenzi, nikamwambia si langu, ni la mtu wa Mbeya. Akaniuliza nani. Nikanyamaza. Akaniuliza tena, nikanyamaza, akasema basi ni lako, acha unyenyekevu wa bure." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Ulinishika pale Igumbilo ukaniambia nisikutaje. Nikakuuliza hata kwa wema? Ukasema hata kwa wema."

Upepo ulipiga dirisha. Tumpe alikumbuka. Hakukumbuka maneno tu, alikumbuka mkono wake mwenyewe umeshika ule mkono wa sweta, na injini ya basi, na jinsi alivyotaka aambiwe ndiyo upesi kabla basi halijaondoka. Kwa miaka minne alikuwa amelikumbuka jibu lililoibiwa. Lile la Igumbilo hakuligusa hata mara moja.

"Ungenipigia," alisema. "Jumapili ile, kabla ya kuandika. Ungeniuliza, Tumpe, niweke la nani. Ningekuambia weka langu."

"Ndiyo. Hapo mimi nilikosea, na sina la kujitetea. Nilifundisha watu mikoa miwili kuuliza, wewe sikukuuliza."

"Na ulipokuja getini?"

"Nilikuja kukuuliza. Nikaambiwa una mchumba."

"Sikuwa na mchumba."

Dastan aliinua macho. Akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza kama kweli mvua imeacha.

"Damari alisema wa Tukuyu."

"Nilimtuma mimi aseme. Alikataa, nikamlazimisha." Tumpe alikuwa anaongea haraka sasa, kwa hasira isiyojua imkamate nani. "Nilitaka uumie. Nikadhani utabisha, utapiga kelele pale getini, utasema niitieni Tumpe. Wewe ukasema asante dada ukaondoka. Mtu gani anashukuru akiambiwa kitu kama hicho?"

"Mimi."

Tumpe alicheka bila kutaka, kisha macho yakamjaa, akayafuta kwa mgongo wa mkono kama mtu aliyekuwa anakata vitunguu. Dastan akaifungua ile kompyuta, akafuta jina lake mahali pa mwenye jibu, akaandika la Tumpe, akaigeuzia kwake alithibitishe. Alilithibitisha. Halikumpa furaha aliyoitarajia miaka yote ile. Lilikuwa jambo la haki, limekwisha, na yeye bado alikuwa amekaa na mtu huyu na shati lake lililokunjamana.

"Nani anakupigia pasi?" akauliza.

"Mwenyewe."

"Inaonekana."

Dastan akavuta pumzi. Akasema hataki kurudia kosa la kutouliza, kwa hiyo anauliza. Angependa kwenda nyumbani kwa baba yake Tumpe kuposa. Akikataliwa, ataelewa. Ila safari hii hataondoka kwa kuambiwa na mtu mwingine, atataka alisikie kwake yeye Tumpe.

Tumpe aliwaza watakayosema kazini, Shedrack na wenzake, kwamba majibu yote ya Tumpe kumbe yalikuwa ya Kalinga. Watasema. Walisema kwa Faustina na watasema kwake, na atakuwepo pale kuwajibu mmoja mmoja, kwa sababu anajua kujibu.

"Usije peke yako kama muuza dawa," alisema. "Tafuta mshenga, mtu mzima. Na huyo mshenga afike nyumbani alitaje jina langu lote, mbele ya baba, lisikike. Sitaki kusikia 'nimekuja kwa habari za yule binti yenu.'"

"Yupo baba mdogo Aroni, Kilolo."

"Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Una kazi nyingine?"

Dastan alipiga. Mtandao wa Kilolo mchana ule ulikuwa mbovu, na baba mdogo Aroni masikio yake yalikuwa yamechoka kuliko mtandao. Dastan akasema anataka amshengee. Akaambiwa arudie. Akasimama, akaenda mlangoni kutafuta mnara, akarudia. Akaulizwa ni binti wa nani. Akatoka hadi kwenye korido, simu ameikandamiza sikioni, mkono mwingine umeziba sikio la pili.

"Tumpe," alisema. Kisha kwa nguvu zaidi, "Tumpe Mwaisumo. Hapana, baba, Mwaisumo. Wa Mbeya. Ndiyo, wa hapahapa kazini. Tumpe."

Milango ya ofisi ikafunguka, mmoja, kisha mwingine. Wahasibu walichungulia, dereva aliyekuwa anapita akasimama na funguo zake mkononi. Dastan aligeuka akamwangalia Tumpe kupitia mlango uliokuwa wazi, amenyanyua nyusi, kama anayeuliza kama anyamaze.

Tumpe alitikisa kichwa, na kwa mkono akamwonyesha aendelee, baba mdogo hajasikia bado.